Mtumiaji na uzoefu wake: maneno ya utafiti unaopanuka

Katika taasisi nyingi utafiti kuhusu watumiaji huanza na mtu mmoja. Ni ofisa anayetoka mezani, akaenda mahali huduma inapotumika, akauliza, akatazama, kisha akarudi na daftari. Mwaka wa kwanza daftari hilo huisaidia idara moja. Mwaka wa tatu idara kumi hulihitaji, mikoa kadhaa hungoja kutembelewa, na ofisa ni yuleyule. Hapo ndipo taasisi huamua kwamba utafiti wake sharti ukue. Hapo pia ndipo suala la lugha hujitokeza: kukua huko kuitweje kwa Kiswahili, na yule anayetafitiwa aitwe nani?

Suala hili si la mapambo. Ofisa mmoja akitumia neno lisilofaa, huweza kulirekebisha papo hapo kwa kuutazama uso wa anayemuuliza. Neno hilohilo likishachapwa katika hojaji na kupelekwa kwa wasaili mia moja, hapana tena wa kulirekebisha, na kosa la daftari huwa kosa la takwimu. Makala haya yanafafanua maneno ya msingi ya utafiti wa namna hii, na kuonyesha kwa mifano kutoka Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita kwamba utafiti hauwezi kupanuka salama kabla maneno yake hayajakubaliwa na muulizaji na muulizwaji.

Mtumiaji

Nomino *mtumiaji* imeundwa kutokana na kitenzi *tumia*, ambacho nacho ni kauli ya kutendea ya *tuma*. Mzizi huohuo umezaa *mtume*, *mtumwa* na *mtumishi*. Maneno haya hutofautiana kwa nafasi ya mtu katika tendo: mtumwa hutumwa, mtumishi hutumikia, mtumiaji hutumia. Katika jamaa hao, mtumiaji ndiye mwenye uamuzi mkononi. Kitu kipo kwa ajili yake, naye aweza kukiacha.

Kiambishi tamati *-ji* kina uzito wake. Huonyesha mtu atendaye jambo kwa kawaida au kwa kazi. Aliyechimba shimo la takataka siku moja haitwi mchimbaji, na aliyeshikiwa ng'ombe kwa jioni moja haitwi mfugaji. Kwa kipimo hicho, mtumiaji ni mtu ambaye matumizi yamekuwa sehemu ya maisha yake. Hapa ndipo penye mtego kwa mtafiti. Taasisi inayosema “tumewahoji watumiaji wetu” imewahoji waliobaki. Waliojaribu mara moja wakaacha, na wasiojaribu kabisa, hawamo ndani ya neno hilo, ilhali mara nyingi hao ndio wenye habari ambayo taasisi inaihitaji zaidi. Inapokusudiwa kuwajumuisha, ni bora kutaja wazi: *wanaotumia, walioacha na wasiotumia*.

Maneno jirani nayo yana mitazamo yake. *Mlengwa* limetokana na kauli ya kutendwa: mtu analengwa, naye amesimama tu. Ndilo neno lililozoeleka katika programu za serikali, kwa mfano walengwa wa TASAF. *Mnufaika* huamua jibu kabla ya swali, kwa kuwa anayeitwa mnufaika ni vigumu kusema hakunufaika. *Mteja* humweka mtu upande wa pili wa malipo. *Mshiriki* humpa sehemu katika utafiti wenyewe. Maneno haya yote ni sahihi, lakini hayabadilishani nafasi. Ripoti inayoanza na *mshiriki* na kuishia na *mnufaika* imebadili hoja bila kutoa taarifa.

Uzoefu

Istilahi *uzoefu wa mtumiaji* imeenea katika kazi za teknolojia, na haielekei kuondoka. Hata hivyo, msomaji atambue kasoro iliyomo. *Uzoefu* hutokana na *zoea*, kwa kupitia *-zoefu*. Kiambishi *-fu* au *-vu* katika maneno ya aina hii huonyesha hali ambayo mtu amekwisha kuifikia: aliyetulia ni mtulivu, aliyezoea ni mzoefu. Kwa hiyo uzoefu ni ujuzi uliojengwa na siku nyingi. Dereva wa miaka ishirini ana uzoefu. Mtu aliyefungua akaunti leo asubuhi hana.

Dhana iliyokusudiwa na wataalamu ni pana kuliko hiyo. Hujumuisha pia lile lililomtokea mtu mara ya kwanza: alivyopotea, alivyohofu, alivyofurahi. Kiswahili hakiyaiti hayo uzoefu. Matokeo yake huonekana wazi pale swali linapoulizwa kijijini kwa umbo la kiofisi:

— *Una uzoefu gani na huduma hii?*

Muulizwaji husikia kwamba anapimwa ujuzi, naye kwa unyenyekevu hujibu: “Mimi sina uzoefu.” Msaili huandika: *hajawahi kutumia*. Mtu huyo huenda ametumia huduma hiyo mara sita na kushindwa mara nne. Swali linalofaa halina neno uzoefu ndani yake:

— *Mara ya mwisho ulipokwenda, ilikuwaje?*
— *Ulianza na nini? Halafu ukafanya nini?*

Inapendekezwa kwamba *uzoefu wa mtumiaji* libaki kuwa jina la taaluma na la idara, na lisiingie katika maswali. Katika maelezo ya kawaida yatumike *yanayompata mtumiaji*, *hali ya matumizi* au *namna mtumiaji anavyoona*.

Jibu lililofungwa ndani ya salamu

Kosa la pili hutokana na adabu. Kiswahili kina mfumo wa salamu ambao jibu lake hutangulia swali. *Habari za nyumbani? Nzuri. Habari za kazi? Nzuri.* Hata mwenye mgonjwa ndani huanza na *nzuri*, ndipo aeleze. Swali la utafiti likija kwa umbo hilohilo (*Huduma ya kituo inaendeleaje?*), jibu *nzuri* ni la heshima kwa mgeni, wala si hukumu juu ya kituo.

Usukumani, ambako wazee wengi huzungumza Kisukuma nyumbani na Kiswahili na wageni, uwezekano huu ni mkubwa zaidi, kwa kuwa Kiswahili chenyewe ndicho lugha ya kumpokea mgeni. Msaili mwenye subira huzimaliza salamu kwanza, zote, kisha hutenganisha utafiti na salamu kwa kubadili umbo la maneno: huacha *-je* na *vipi*, hutaja siku, mahali na tendo. Msaili mwenye hojaji ndefu na muda mfupi hurukia salamu, huzichanganya na swali la kwanza, na hurudi mjini na asilimia kubwa ya *nzuri*.

Vitenzi vinne vya kukua

Lugha za kigeni huwa na neno moja kwa jambo linalotoka udogoni kwenda ukubwani bila kuharibika. Kiswahili hugawa maana hiyo kwa vitenzi kadhaa, na mgawanyo huo una faida, kwa sababu kila kitenzi hudai kazi tofauti.

*Kuongeza* ni kuzidisha idadi: watafiti zaidi, mahojiano zaidi. *Kupanua* ni kufanya kiwe kipana: kufikia maeneo na makundi ambayo hayakufikiwa. *Kueneza* ni kufanya kiwepo kila mahali. Kitenzi chake cha asili, *enea*, kina pia maana ya kutosha na kukaa sawa mwilini, kama nguo iliyomwenea mtu. *Kurithisha* ni kuhakikisha kwamba kilichopatikana leo kinamfikia atakayekuja kesho.

Taasisi nyingi hutangaza kwamba zinapanua utafiti, kumbe zinaongeza tu: wasaili walewale wa mjini, wakiuliza maswali yaleyale, kwa watu wengi zaidi wa aina ileile. Vitenzi vinne hivi vikishikwa kama orodha ya kukagulia, upungufu huonekana mapema. Mifano inayofuata inaanza na kueneza, kwa kuwa ndicho kitenzi kigumu kuliko vyote.

Kueneza: mfano wa HASHI, Shinyanga

Mkoa wa Shinyanga wa wakati huo ulikuwa mkubwa kuliko wa leo. Uliwahusisha Maswa, Bariadi na Meatu, ambazo tangu mwaka 2012 zimo katika Mkoa wa Simiyu, pamoja na Bukombe, ambayo sasa ni sehemu ya Mkoa wa Geita. Kuanzia miaka ya 1920 misitu mingi ilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o. Baadaye kilimo cha pamba, kuongezeka kwa mifugo na kuhamishiwa watu katika vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 viliifanya hali kuwa mbaya zaidi. Mwaka 1986 serikali, kwa msaada wa Norway, ilianzisha programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ambayo iliendelea hadi mwaka 2004. Kuanzia miaka ya 1990 ilishirikiana pia na kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF.

Mwanzoni mkazo ulikuwa kwenye vitalu na upandaji wa miche, ikiwemo miti ya kigeni. Baadaye mkazo ulihamia kwenye jambo ambalo wenyeji walikuwa nalo tangu zamani, yaani *ngitili*. Neno hili ni la Kisukuma, na Kiswahili kimelipokea bila kulibadili: *ngitili hii, ngitili hizi*. Ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, majani na vichaka vikaachwa vikue, kisha likafunguliwa kiangazi kinapokolea na malisho ya nje yamekwisha. Kuna ngitili za kaya na ngitili za kijiji.

Hakuna aliyekuwa akiita kazi hiyo utafiti wa watumiaji, lakini umbo lake ni hilohilo. Mtumiaji wa ardhi alikuwa na utaratibu wake, na programu ilipaswa kuujua kabla ya kutoa wake. Maofisa walikaa na wanavijiji wakachora nao ramani za ardhi yao, wakapanga nao matatizo kwa uzito, na kuwapeleka wengine kuona ngitili za vijiji jirani. Usimamizi wa kanuni ulipita katika vyombo vilivyokuwapo: *dagashida*, yaani mkutano mkuu wa jamii kwa desturi ya Kisukuma, na *sungusungu*, walinzi wa jadi walioibuka upya mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Hesabu inaeleza kwa nini ilikuwa lazima iwe hivyo. Programu ilipoanza, ngitili zilizokuwa zimesalia zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 makadirio yalikuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000, katika vijiji 833. Ofisi moja mjini Shinyanga isingeweza kumtuma mtafiti katika vijiji 833 kila msimu ili aulize ni lini ngitili ifungwe. Kilichoenezwa ni uwezo wa kuuliza na kuamua, na hicho ndicho tofauti kati ya *kueneza* na *kuongeza*. Mwaka 2002 programu hiyo ilikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Kwa upande wa maneno, funzo ni moja na ni la wazi. Programu haikutafsiri istilahi ya kigeni ya hifadhi ya malisho na kuwafundisha watu waitamke. Ilichukua neno ambalo mtu wa Maswa na mtu wa Bukombe wanalielewa sawasawa. Ofisa aliyeuliza *ngitili yako ilifungwa lini?* alipata jibu linalolinganika kutoka kijiji hadi kijiji. Kwa swali kama *unatumia mbinu zipi endelevu za usimamizi wa malisho?* asingelipata.

Wastani na wanaofichwa nao

Mwaka 2005 ilichapishwa tathmini ya manufaa ya ngitili iliyoongozwa na Profesa Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Thamani ya manufaa hayo ilikadiriwa kufikia dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini nchini yalikuwa dola 8.50. Kuni, nguzo, dawa za miti shamba, asali, nyasi za kuezekea na malisho, vyote vilihesabiwa.

Takwimu hiyo ina nguvu, na kwa sababu hiyo inahitaji kusomwa kwa uangalifu. *Wastani* ni neno la kugawa sawa kwa karatasi kile ambacho ardhini hakikugawanywa sawa. Ilibainika pia kwamba kaya zenye ardhi na mifugo mingi ndizo zilizokuwa na ngitili kubwa, na hivyo kupata zaidi. Asiye na ardhi hutegemea ngitili ya kijiji, na kwake siku ya kufunga ni siku ya kukosa kuni. Mwanamke aliyepunguziwa saa za kutafuta kuni na kijana aliyefukuzwa ndani ya ngitili pamoja na ng'ombe wake wote ni watumiaji. Utafiti unaokua bila kutaja aina za watumiaji huishia kumsikia mwenye ngitili peke yake, kwa kuwa ndiye anayeitwa kwanza mgeni anapofika.

Kupanua: sauti kwa simu

Njia nyingine imejaribiwa nchini kote. Shirika la Twaweza lilianzisha Sauti za Wananchi, utafiti unaofanywa kwa njia ya simu, ambao matokeo yake yalianza kutolewa mwaka 2013. Kwanza wasaili walizitembelea kaya 2,000 za Tanzania Bara, zilizochaguliwa kwa sampuli ili ziiwakilishe nchi. Waliochaguliwa walipewa simu na chaja ya umeme wa jua. Baada ya hapo walipigiwa mara kwa mara na kuulizwa kuhusu maji, shule, afya, bei na utawala. Mfumo wa aina hiyo ulipelekwa pia Kenya na Uganda.

Huo ni upanuzi kwa maana kamili ya kitenzi *panua*. Chaja ya jua ilikuwa sehemu ya ubora wa utafiti, si zawadi tu: bila hiyo, wasio na umeme wangenyamaza kila betri inapokwisha, na sampuli ingegeuka kuwa ya watu wa mjini bila mtu kuamua iwe hivyo.

Kundi la kudumu la washiriki lina hatari yake pia, na safari hii neno *uzoefu* lafaa kabisa. Anayeulizwa kila mwezi hatimaye hupata uzoefu wa kuulizwa. Hujua swali linalofuata, hujua jibu gani huleta maswali mengine, na hujifunza kulikwepa. Ndiyo sababu taasisi zenye makundi ya namna hii hubadilisha sampuli baada ya muda. Mazoea ya mshiriki yasipoangaliwa, taasisi hudhani inasikiliza umma, kumbe inasikiliza watu wachache waliokwisha kuizoea.

Maoni, malalamiko na utafiti: mfano wa Geita

Katika ukanda wa dhahabu maneno *maoni* na *utafiti* huchanganywa mara nyingi. Mfano wa karibuni unasaidia kuyatenganisha. Tarehe 22 Januari 2019 Rais John Magufuli alikutana jijini Dar es Salaam na wachimbaji wadogo na wafanyabiashara wa madini. Walieleza kero zao, hususan mzigo wa kodi na ukosefu wa soko la uhakika. Mwezi uliofuata sheria zilirekebishwa, wachimbaji wadogo wakaondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Mwezi Machi mwaka huohuo soko la dhahabu lilifunguliwa Geita.

Huo ulikuwa mkutano wa maoni, na ulizaa matunda. *Maoni* ni yale ambayo mtu anayaleta. *Malalamiko* ni maoni yenye uchungu. *Utafiti* huenda kutafuta lile ambalo halijaletwa, ama kwa sababu mwenye nalo hakualikwa, ama kwa sababu yeye mwenyewe halioni kuwa jambo. Kodi ililetwa kwa sababu kila aliyekuwa akiilipa aliihisi. Mvuke wa zebaki hauna harufu, wala hauumi siku hiyohiyo.

Zebaki ndiyo inayoonyesha gharama ya neno lisilofaa. Katika mwalo, jiwe lililosagwa kwenye karasha huoshwa, zebaki hushika chembe za dhahabu, kisha mchanganyiko huo huchomwa ili zebaki iondoke na dhahabu ibaki. Mvuke wake hudhuru neva, figo na mtoto aliye tumboni. Kati ya mwaka 2002 na 2007 Mradi wa Dunia wa Zebaki, uliosimamiwa na UNIDO, uliihusisha Tanzania pamoja na nchi nyingine tano, na eneo lake la kazi nchini lilikuwa Rwamagasa, Geita. Miongoni mwa mambo yaliyofundishwa ni matumizi ya chombo kinachonasa mvuke na kuirudisha zebaki iweze kutumika tena. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020.

Chombo hicho kinajulikana kwa ubora wake duniani kote, na dunia nzima wachimbaji wadogo wamekuwa wazito kukipokea. Sababu zinazotajwa ni za kawaida: kinachelewesha kazi, na katika vyombo vya chuma dhahabu haionekani wakati wa kuchoma. Hoja hiyo ya pili haiwezi kueleweka na anayemtafiti *mtumiaji* mmoja. Dhahabu moja ya mwalo ina watu wengi: mwenye duara, wachimbaji walioshuka, mwenye karasha, aliyegharimia chakula, mnunuzi. Wote wana fungu lao, na wote wanataka kuiona ikigeuka rangi mbele ya macho yao. Wanawake waoshao marudio hawamo katika mgawo huo, lakini moshi unawafikia, pamoja na watoto walio mgongoni. Hao hawakitumii chombo wala hawachomi, hivyo kwa kipimo cha *-ji* si watumiaji. Hojaji iliyoandikwa *kwa watumiaji* itawapita.

Kwa msaili wa Geita, swali *Je, unatumia chombo cha kunasia mvuke?* litajibiwa *Ndiyo* na kila aliyewahi kupewa. Swali lifuatalo ni refu, lakini ndilo linaloweza kurudiwa na wasaili mia moja bila kupotea maana: *Mara ya mwisho mlipochoma dhahabu, mlichomea wapi, kwa kutumia nini, na ni nani waliokuwa karibu?* Maneno *duara*, *karasha*, *mwalo* na *marudio* nayo yaandikwe kama yanavyosemwa na wachimbaji. Msaili anayesema *mabaki ya uchenjuaji* badala ya *marudio* amejitambulisha kuwa mtu wa serikali kabla hajataja jina lake, na majibu yatapimwa kwa kipimo hicho.

Kurithisha

Kitenzi cha nne ndicho kinachosahaulika zaidi. Mradi hufungwa, gari hurudishwa, ofisa huhamishwa, na daftari hubaki kabatini. Ofisa mpya huenda Rwamagasa au Bukombe na kuuliza lililokwisha kuulizwa. Kwa taasisi ni upotevu wa fedha. Kwa wenyeji ni jambo la kuwavunja moyo: waliokwisha kueleza huona kwamba hawakusikilizwa, na safari ya pili hujibu kwa kifupi.

Kurithisha hudai mambo matatu. La kwanza ni *hazina ya matokeo* yenye maneno yasiyobadilika, ili aliyetafuta *mwalo* mwaka huu apate pia yaliyoandikwa kuhusu mwalo miaka kumi iliyopita. La pili ni kuandika swali pamoja na jibu, kwa sababu *ndiyo* bila swali lake haina maana. La tatu ni *ridhaa*: mshiriki aelezwe kwamba maneno yake yatahifadhiwa na kusomwa na wengine, naye akubali. *Ridhaa* si *ruhusa*. Ruhusa hutolewa na mwenye mamlaka, kama mwenyekiti wa kijiji au mwenye leseni ya mgodi. Ridhaa hutolewa na mtu kwa nafsi yake, na ruhusa ya mwenyekiti haiwezi kuwa ridhaa ya mama aoshaye marudio.

Muhtasari wa matumizi

*Mtumiaji*: litumike kwa anayetumia kwa kawaida. Kwa wengine, sema walioacha, wasiotumia au wanaoathiriwa.

*Mlengwa, mnufaika*: yaachiwe nyaraka za programu. Yasitumike katika swali, kwa kuwa yanaongoza jibu.

*Uzoefu wa mtumiaji*: jina la taaluma. Katika mahojiano, uliza tukio la mwisho na mfuatano wake.

*Kuongeza, kupanua, kueneza, kurithisha*: visitumike kana kwamba ni kimoja. Mpango wa kazi uonyeshe kila kimoja kitafanywaje.

*Maoni, utafiti*: maoni huletwa, utafiti hufuata. Sanduku la maoni lililojaa si ushahidi kwamba utafiti umefanyika.

*Ruhusa, ridhaa*: huhitajika zote mbili, kila moja kwa mwenyewe.

Taasisi inayotaka kukuza utafiti wake inaweza kuanza kwa kazi ndogo kabla ya kuajiri msaili hata mmoja: kuchukua hojaji yake, kuisoma kwa sauti mbele ya watu watano wa mahali husika, na baada ya kila swali kuwaomba waseme kwa maneno yao wenyewe wameulizwa nini. Pale ambapo watano hao wanaeleza mambo matano tofauti, swali hilo lisipelekwe kwa mia.